Udongo wa Upareni Juu ya Paa la Khuwair

Kuna siku moja katika mwaka ambayo haimo kwenye kalenda yoyote ya Muscat, lakini kila aliyewahi kukaa hapa anaijua. Ni siku unayozima kiyoyozi, ukafungua dirisha, na hewa ikaingia bila kukuchoma uso. Huwa inaangukia mwezi wa kumi, mara nyingine inachelewa kidogo. Miezi mitano umeishi kama nyama ya friji, kutoka nyumba ya baridi kuingia gari la baridi kwenda kazini kwenye baridi, halafu asubuhi moja unasikia mtaa: jirani anakohoa, gari la mitungi ya gesi linapiga honi, mwanamke anamgombeza mtoto kwa Kiarabu na mtoto anamjibu. Kumbe watu walikuwapo muda wote.

Wageni wa Ulaya wanaofikia hoteli ninayofanyia kazi huniambia kwamba kwao huo ni wakati wa majani kupukutika. Hunionyesha picha za simu, miti myekundu na ya njano, na wanazungumza taratibu kama watu wanaomkumbuka marehemu. Kwetu Upareni, kule milimani Tanzania, wakati huohuo ni wa vuli. Watu wanaangalia mawingu, majembe yamenolewa, na ukimpigia mtu simu asubuhi hapokei kwa sababu yuko shamba. Muscat hakuna jani linalopukutika wala mvua ya kuisimulia. Kuna dirisha tu. Lakini kati ya majira yote ya dunia niliyoyaona, hayo ya dirisha ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na mwaka jana yalinipa sababu ya kuyapenda mpaka nife.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana sioni sababu ya kujificha. Nilikuja Oman mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, kuwa shaghala, kama wanavyomwita hapa mfanyakazi wa ndani. Nilifanya kazi miaka sita katika nyumba moja ya Khuwair ya Kusini, nikalala chumba cha nyuma kilichopakana na mashine ya kufulia. Wenzangu walinunua simu na mawigi. Mimi niliweka akiba, nikarudi Tanzania, nikajilipia mwenyewe chuo cha hoteli. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, wanafunzi wengine wakiniamkia shikamoo. Nikamaliza diploma nikiwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa amerudia mwaka, kwa hiyo mwenye kujua hesabu ajue. Kisha nikarudi Muscat, safari hii na vyeti vyangu kwenye bahasha niliyoikumbatia ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Leo nasimamia usafi wa vyumba vya ghorofa nne. Wasichana na wavulana wa mataifa sita wananiita Madam. Kitanda changu, hata ukikirushia sarafu, inaruka. Hakuna aliyenibeba.

Na ninakaa nyumba ileile ya Khuwair. Yule bibi niliyekuwa nikimtumikia, Mwomani aliyezaliwa Pangani na kuletwa huku akiwa msichana, alinipangisha fleti ya juu. Siku ya kusaini mkataba alinitazama juu ya miwani akasema, "Ulitoka kwa mlango wa nyuma, umerudi kwa ngazi ya mbele. Mie nnakwambia, sijapata kuona." Nami nimwite Bibi tu hapa, kama ninavyomwita nyumbani.

Sasa, ufundi wa kutandika kitanda sikuufundishwa chuoni. Nilifundishwa na baba, na wala hakujua kama ananifundisha. Baba alikuwa mkulima wa mahindi, maharage na tangawizi kwenye shamba lililoinama kama paa. Kila tuta alilivutia kamba. Kigingi huku, kigingi kule, kamba inakazwa, ndipo jembe linashuka. Mimi nikiwa mtoto wa kwanza ndiye niliyekuwa nikishika ncha ya pili. Nikilegeza kidogo alisema, "Kaza. Udongo unakuona." Mpaka leo nikivuta shuka nasikia hiyo kaza.

Baba alifariki miaka mitatu kabla ya hayo ninayoyasimulia. Nilikuwa na wiki tano katika kazi mpya ya usimamizi, bado najaribiwa. Niliomba ruhusa, nikaambiwa bila ukali kwamba ninaweza kwenda, ila nafasi haitanisubiri. Nilikaa bafuni kwenye ukingo wa beseni la wageni nikafikiria, nikaamua kubaki. Sikulazimishwa na mtu, na sitaki mtu mwingine abebe uamuzi wangu. Nilituma pesa za jeneza. Lilikuwa jeneza zuri kuliko yote yaliyowahi kupandishwa mlimani kwetu, lenye vishikio vya shaba, na mpaka leo watu wanalitaja.

Mazishi niliyaona kwenye simu ya mdogo wangu. Kwetu jeneza likishashushwa, watoto wa marehemu ndio wanaoanza kutupa udongo, wakifuatana kwa kuzaliwa, kila mmoja kwa mkono wake, kabla watu wa majembe hawajaanza. Wa kwanza nilipaswa kuwa mimi. Niliona kamba zinalegezwa, nikaona viatu vya mchungaji, kisha picha ikaganda. Vikabaki viatu hivyo tu. Iliporudi walikuwa wanapanga mashada.

Jioni ile mama alinipigia. Alisema, "Asante kwa jeneza, mwanangu." Baada ya hapo hakunitajia tena mazishi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuliongea kila Jumapili kuhusu mbuzi, kuhusu magoti yake, kuhusu nani kaoa. Nikilisogeza neno karibu na baba, alilipitia pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina radhi yake. Mtu anaweza kunitoa kazini, anaweza kunikataa, nikasimama tena, nimeshafanya hivyo. Bila radhi ya mama nilikuwa kama mtu aliyejenga ghorofa akasahau ngazi. Ndiyo sababu mwaka jana nilimkatia tiketi aje akae mwezi mzima. Nilijiambia kwamba akiiona kazi yangu, akilala kwenye kitanda changu, akisali kanisani kwetu, ataelewa.

Kanisani kwetu ni Ruwi, kwenye uwanja wa makanisa. Nchi hii ni ya Waislamu, lakini imetupa sisi Wakristo mahali pa kusimama na kuimba, na mimi katika sala zangu huitaja Oman mara baada ya Tanzania. Tunasali Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Sisi Waswahili zamu yetu ni saa tisa alasiri. Kabla yetu wanatoka Wafilipino, baada yetu wanaingia Wahindi, na mhubiri wetu akipitiliza, kwaya ya Wahindi inaanza kukohoa mlangoni. Wengi wetu ni wanawake wa kazi za ndani. Wengine hupata ruhusa ya Ijumaa moja kwa mwezi, na hiyo moja wanaitumia kuja kumshukuru Mungu. Nikiwaona napata kiburi kizuri. Mimi nilikuwa wao.

Mwezi wa kumi na moja tunafanya sikukuu ya mavuno. Nyumbani kila mtu huleta alichotoa shambani: ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu anayepiga kelele katikati ya mahubiri. Ruwi tunaleta vya dukani. Madhabahu inajaa mananasi yenye vibandiko vya nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Mwaka juzi nilisimama kwenye matangazo nikasema, mbele ya kanisa zima, kwamba mavuno ya dukani si mavuno, na kwamba mimi binti wa mkulima nitaleta ya mkono wangu.

Nikapanda mwezi wa tatu. Nani asingepanda mwezi wa tatu? Kwetu ndiyo masika yanaanza. Nilipandisha juu ya paa la nyumba ya Bibi ndoo kumi na mbili, nikatia mchanga na mbolea ya dukani, nikafukia mahindi na mchicha, nikavuta hata kamba. Vilichipua vizuri. Mwezi wa tano vilikuwa vimekauka vyote, mchicha umekuwa kama majani ya chai. Bibi alipanda ngazi akishika kiuno, akatazama ndoo zangu, akacheka mpaka akakaa kwenye tangi la maji.

"Weye umepanda mwezi wa tatu? Muscat? Huo mwezi ndio watu khasa wanafunga bustani zao!"

"Bibi, kwetu—"

"Kwenu, kwenu. Hapa si kwenu. Hapa unasubiri mpaka jua lichoke. Mwezi wa kumi, ukishafungua dirisha, ndio unapanda. Diploma yako haikukwambia?"

Kanisani nako hawakuniacha. Mzee wa kanisa, fundi magari wa Ruwi, kila Ijumaa alinipokea mlangoni kwa swali lilelile: "Diploma! Mahindi yamebeba?" Sikukasirika. Nilimwambia asubiri vuli.

Mama aliwasili mwisho wa mwezi wa kumi, wiki ileile ya kufungua madirisha. Alitoka uwanja wa ndege amevaa kitenge cha kwaya ya akina mama, amebeba begi la maharage, mabonge ya tangawizi, na kopo la siagi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimpandisha ngazi ya mbele. Nilimwonyesha sebule, jiko la gesi, bafu la maji moto. Alikuwa akiitikia "Haya, haya" kama mtu anayeonyeshwa ukurasa baada ya ukurasa wa albamu. Nilipomaliza akaliweka lile kopo kwenye dirisha la jikoni.

"Hili ni lako," akasema. "Tutazungumza."

Nilifungua kifuniko kidogo nikachungulia. Udongo mwekundu, wa kwetu kabisa, ule ambao ukilowa haukutoki kwenye kucha wiki nzima. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Maana kwenye simu nilikuwa nimemlalamikia miezi yote kwamba udongo wa hapa ni mchanga mtupu, haushiki maji, hata mchicha unakataa. Nikajua mama kanisikia. Mkulima akikupenda hakuletei khanga, anakuletea udongo. Na aliposema tutazungumza, nilielewa tutazungumza kuhusu namna ya kupanda.

Siku ya tatu Bibi alimwalika mama chini, wanywe kahawa na tende. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitaka. Nilipanda paani na kopo. Nilimwaga ndoo moja kubwa, nikachanganya mchanga, samadi ya ng'ombe niliyoagiza kutoka kwa mwenye shamba la nje ya mji, na juu yake nikautupa udongo wa kwetu kwa mkono, konzi kwa konzi, nikiufikicha ili usikae mabonge. Nikasia mchicha. Nikavuta uzi badala ya kamba, mistari mitatu, iliyonyooka. Nikamwagilia. Kisha nikamwita mama aje aone, kama mtoto anayeita mama yake aone amechora nini.

Alipanda polepole kwa ajili ya magoti. Akatazama ndoo. Akatazama kopo tupu pembeni.

"Udongo umefanyaje?"

"Nimeutia hapa, mama. Nimechanganya na samadi. Utaona mchicha utakavyo—"

"Wote?"

"Wote. Nimekung'uta mpaka vumbi."

Mama aliegemea ukuta wa paa. Nilidhani ni magoti. Akakaa kwenye kigae cha moto bila kutandika kitu, akavua kilemba, jambo ambalo hafanyi nje ya nyumba.

"Ule ni udongo wa kaburi la baba yako," akasema. "Siku ile wadogo zako walipotupa, niliuchota wako nikauweka. Nilisema huyu atakuja, autupe mwenyewe. Mwaka ukapita, hukuja. Wa pili. Nikasema basi nitaupeleka mimi, tupige magoti, tuombe, autupe hata kwenye maua. Ndiyo nimeuleta."

Hakuna desturi kama hiyo kwetu. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyemwekea mtoto wake udongo wa mazishi kwenye kopo. Mama aliibuni mwenyewe, peke yake, na aliiweka miaka mitatu kwenye kabati la vyombo, bila kumwambia hata mchungaji. Nilipiga magoti pale pale nikaanza kuchimba ndoo kwa vidole. Nilitaka kuutenganisha. Lakini nilikuwa nimechanganya vizuri mno. Kila kitu ninachofanya nakifanya vizuri, na hicho nacho. Wekundu ulikuwa umeingia kwenye mchanga wote.

"Acha," mama akasema. "Unaharibu na mbegu."

Akashuka. Siku hiyo na ya pili yake alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" na "nimeshiba." Nilikwenda kazini nikawaona wasichana wangu wanatandika, na kwa mara ya kwanza nilipita bila kukagua kona hata moja. Nilikuwa na kila nilichokitafuta, na mwanamke niliyekitafutia alikuwa amekaa dirishani kwangu akitazama magari ya Khuwair.

Jioni ya siku ya pili niliporudi niliwakuta mama na Bibi wamekaa kwenye ngazi ya mbele, bega kwa bega, kama wasichana wanaosubiri gari la shule. Niliwaamkia. Bibi alikuwa anazungumza, hakunyamaza kwa sababu yangu, na nadhani alitaka nisikie.

"Mamangu kazikwa Pangani. Mie nlikuwa huku, nna watoto wawili, hakuna simu, hakuna ndege ya kupanda kwa siku moja. Khabari zilinifikia miezi imeshapita. Mpaka leo sijui kaburi lake liko upande upi wa mnazi. Mtu angeniletea kopo la udongo ule, dadangu, Wallahi ningeutia hata kwenye unga wa mkate nikaula."

"Bibi wee!" mama akasema, na nikasikia kicheko kidogo kimemponyoka.

"Mie nnakwambia. Weye umeuleta, umefika. Mwenzio kautia kwenye mboga. Mkulima alitaka azikwe wapi, kwenye marumaru?"

 Usiku huo tulipokula mama alinisogezea nyama.

Asubuhi ya siku ya tano tangu nisie mchicha nilimkosa kitandani. Nilimkuta paani, jua ndiyo linachomoza nyuma ya milima ile ya mawe ya Muscat ambayo haina hata nyasi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo na kikombe cha maji. Mistari mitatu ya vijani, midogo kama kucha za mtoto, ilikuwa imetoka. Mstari wa katikati ulikuwa umepinda kidogo nilipochimba kwa vidole.

"Njoo hapa," akasema. Nikachuchumaa. "Nieleze. Ulitumia kijiko?"

"Hapana mama. Mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ulimwaga au ulitupa?"

Nikafikiri. "Nilitupa. Konzi konzi. Kama kwetu."

"Na ulisema nini? Maana wewe huwezi kufanya kitu umenyamaza."

Niliona aibu. "Nilisema, ota vizuri, usiniaibishe mbele ya mzee wa kanisa."

Mama alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha akina mama wa kwetu kinachoanzia tumboni bila sauti, mabega yanatikisika, kikombe kikamwagika. Alicheka mpaka akashika bega langu asianguke, kisha nikaona analia, kisha vyote viwili.

"Angelipenda hilo," alisema. "Angelisimulia kanisani mwaka mzima. Binti yangu kanitupia udongo akaniambia nisimwaibishe!" Akafuta macho kwa mkono wenye matope, akabakiwa na mstari shavuni. "Basi umeshatupa, mwanangu. Kwa mkono wako wa kulia, wa kwanza wangu. Nilichokuja kukifanya kimefanyika, wala hukunisubiri. Huna deni kwangu wala kwa baba yako. Nimekuwa radhi, na Mungu akuwie radhi."

 Mimi, ninayesema mbele ya wageni wa nchi arobaini, niliinamisha kichwa akaniwekea mkono, na jua likawa limeshafika kwenye ndoo.

Baada ya hapo alizungumza. Wiki tatu alizungumza, kana kwamba kifuniko kilichofunguliwa kilikuwa chake. Alinieleza baba alivyokuwa siku za mwisho, alivyotaka uji wa ulezi akakataa wa mahindi, alivyouliza ile hoteli yangu ina vitanda vingapi na alivyowaambia waliokuja kumwona idadi kubwa zaidi. Niligundua kwamba kujisifu sikukutoa chuoni wala Muscat. Nimerithi. Madirisha yalikuwa wazi, na Bibi kule chini alikuwa anasikia yote na kuuliza maswali kutoka barazani kwake.

Nilimpeleka hotelini pia. Alisimama kwenye chumba kilichotandikwa, akapitisha kiganja kwenye kona ya shuka.

"Hii ni kamba ya baba yako," alisema.

Sikuwa nimemwambia.

Ijumaa ya mavuno ilikuwa ya mwisho kabla ya mama kusafiri. Mchicha ulikuwa umefika magotini. Tulikata asubuhi kukiwa na umande, mafungu mawili yaliyofungwa kwa nyuzi za mgomba alizokuja nazo mama. Mlangoni Ruwi mzee wa kanisa alikuwa anasubiri na swali lake.

"Diploma! Mahindi yame—" Akaona mafungu. Akavua kofia. "Huu umenunua Ruwi sokoni."

"Nusa mashina," nikamwambia.

Akanusa. Fundi magari yule, mtoto wa wakulima wa Mbeya, akanusa mara ya pili na akakaa nao puani kwa muda mrefu kuliko uliohitajika. "Huu una udongo," akasema kwa sauti nyingine. Aliubeba mwenyewe mpaka mbele, akauweka mbele ya mananasi yote.

Mchungaji alipoombea mavuno nilifungua macho, jambo nisilopaswa. Niliona mama amesimama na kitenge chake cha kwaya katikati ya wanawake waliopewa ruhusa ya Ijumaa moja, wote wameinua mikono, na mlangoni Wahindi wameshaanza kukohoa. Nilimshukuru Mungu kwa nchi iliyonizaa na nchi iliyonilipa. Nilimshukuru kwa jembe na kwa shuka. Sikuomba kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kusali nikiwa mtu mzima kwamba sikuwa na cha kuomba.

Desturi ni kwamba mavuno yananadiwa baada ya ibada, lakini mama alimwambia mzee wa kanisa kwamba fungu moja libaki kanisani na moja lirudi nyumbani. Hakueleza. Jioni aliupika kwa nazi kama Bibi alivyomwelekeza, tukala watatu kwenye sebule ya chini, kwa mikono, kwenye sinia moja. Nilisita tonge la kwanza. Mama aliona.

"Kula," alisema. "Ametulisha maisha yake yote, ataanza kuona haya leo?"

Bibi aliomba aongezewe.

Asubuhi ya safari, begi limefungwa, teksi iko chini, mama alinipa lile kopo la siagi. Lilikuwa limeoshwa.

"Panda paani," alisema. "Chota kwenye ile ndoo. Jaza wewe, si mimi. Mkono wa kulia."

Nilipanda. Mashina ya mchicha yalikuwa yamebaki mafupi, na vichipukizi vipya vilikuwa vinatoka pembeni. Nilichota kwa mkono wa kulia, wekundu na mchanga na samadi, nikajaza mpaka kwenye ukingo, nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Chini mama alilipokea, akalipima uzito kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake.

Jumapili iliyofuata simu yake iliita wakati nimefungua madirisha yote. Nyuma yake nilisikia mvua ya vuli inapiga bati.

"Nimefika kaburini," alisema. "Nimeutupa. Nimemwambia huu ni wa mkubwa wako, umechelewa kidogo kwa sababu umepita Muscat."

"Akasemaje?"

"Nenda kapande," mama alisema. "Muda unakwisha huko kwenu."